Kalamu Tulizozifungia Kabatini



Kwa muda wa mwaka mzima, katika kabati la chumba chetu, chini ya mashuka ya wageni, mlikuwa na boksi la kalamu za wino wa rangi, na ufunguo wa kabati hilo tulikuwa nao sisi. Kalamu hizo zilikuwa za binti yetu wa pili. Tulizichukua alipokuwa kidato cha pili, baada ya mwalimu wake kutuita shuleni na kutuonyesha daftari la hesabu ambalo kurasa zake za nyuma zilijaa michoro: madau ya bandarini, paka wa Mji wa Kale, muuza kahawa na dele lake la shaba, nyanya yake akichagua mchele kwenye uteo. Hatukumpiga wala hatukumtukana. Tulimwambia tu kuwa kuchora ni mchezo wa watoto wadogo, na kwamba michoro hailiwi. Akatii. Alizileta kalamu mwenyewe, akatukabidhi kwa mikono miwili.

Twaandika haya kwa sababu tulikosea, na kwa sababu twadhani kabati kama lile limo katika nyumba nyingi za kwetu.

Idi iliyofuata alikuja kututembelea ndugu yetu wa kike anayeishi London, pamoja na mwanawe wa miaka sita. Mtoto yule hakujua Kiswahili, ila aliweza kuhesabu moja hadi kumi bila ya kukosea. Tulidhani amefundishwa na mamake. Akatuletea kitabu kilichokunjika pembe kwa kusomwa. Jina lake ni Moja Means One, kitabu cha picha cha kuwafundisha watoto wa Kiingereza kuhesabu kwa Kiswahili. Kwenye namba moja pamechorwa mlima Kilimanjaro. Tulipozitazama sura za watu waliomo, zilivyojaa utu na utulivu, tukajua tu kuwa mchoraji ni mtu wa huku kwetu. Kumbe ni Mmarekani, mzaliwa wa Brooklyn katika jiji la New York, naye akiitwa Tom Feelings.

Binti yetu alikaa na kitabu hicho barazani mpaka kukaadhiniwa magharibi. Alipokirudisha aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini na adabu zake zote: "Baba, na huyu alikuwa akila nini?"

Hatukuwa na jibu. Maneno yalikuwa ni yetu wenyewe, yameturudia. Ndipo tulipoanza kuyatafuta maisha ya mtu huyo, na tuliyoyapata twayaeleza hapa, kwani huenda kuna mzazi mwingine anayeulizwa swali hilo.

Tom Feelings alizaliwa mwaka 1933. Alisomea uchoraji, akatumikia jeshi la anga la Marekani kwa miaka minne, na huko nako kazi yake ilikuwa ni ya kuchora. Mwaka 1958 alianza kuchora katuni katika gazeti la watu weusi la New York Age, kuhusu mvulana anayesafiri ndani ya historia ya watu wake kwa kusoma vitabu. Alikuwa akitembea mitaani kwao na kuwachora watoto. Amesimulia kwamba siku moja alimwambia msichana mdogo kuwa ni mzuri, naye msichana akamjibu kuwa hakuna cheusi kilicho kizuri. Twadhani jibu hilo lilimwelekeza njia. Tangu hapo kazi yake yote ni kama kumjibu mtoto yule.

Mwaka 1964 alihamia Ghana, akaajiriwa katika shirika la uchapishaji la serikali, akichora picha za vitabu na majarida. Alikaa huko mpaka mwaka 1966, Kwame Nkrumah alipopinduliwa, kisha akarejea kwao. Mwaka 1968 kilitoka kitabu To Be a Slave cha Julius Lester, chenye picha zake, kikieleza utumwa kwa maneno ya walioupitia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1971, kikatoka hiki cha kuhesabu. Maneno yake yaliandikwa na Muriel Feelings, aliyekuwa mkewe wakati huo, ambaye alikuwa amefundisha Uganda. Mwaka 1974 wakatoa kingine, Jambo Means Hello, cha herufi 24 za Kiswahili, kwani Q na X sisi hatuna. Vitabu vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, inayotolewa Marekani kwa picha za vitabu vya watoto. Kabla yake hakuna Mmarekani mweusi aliyewahi kuipata.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwa Guyana, katika Wizara ya Elimu, akitengeneza vitabu vya watoto na kuwafundisha kazi vijana wa huko. Baadaye alifundisha uchoraji katika Chuo Kikuu cha South Carolina. Na kwa muda wa takriban miaka 20 alikuwa akichora kitabu kimoja, The Middle Passage, kuhusu safari ya Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki kwa minyororo. Chanzo chake kilikuwa swali la rafiki yake Mghana aliyetaka kujua yaliwafika nini waliochukuliwa. Kitabu kilitoka mwaka 1995. Picha zake zimeachwa zijieleze zenyewe, bila ya hadithi ya maneno pembeni yake. Tom Feelings alifariki mwaka 2003, akiwa na miaka 70.

Basi jibu la swali la binti yetu ni kwamba alikula jasho lake, kama alavyo seremala na fundi cherehani: katuni za gazeti, ajira ya serikali, mshahara wa ualimu, na vitabu. Hatumwambii mtu kuwa njia hiyo ni nyepesi. Twasema ni kazi, ina mafunzo yake na walimu wake, na sisi tuliiita mchezo kabla ya kuijua.

Lipo na jingine ambalo si haki kulificha. Ndugu na jamaa walipotuuliza sababu ya kumkataza, tulikuwa tukitaja suala la kuchora viumbe vyenye roho. Safari hii tulikwenda kwa mwalimu wetu wa madrasa, tukamuuliza. Alitueleza kwa upole kuwa wanazuoni wamehitilafiana katika jambo hilo, na wapo walioruhusu picha za kuwafunzia watoto, akatutaka tusome kabla ya kuamua. Kisha akatuuliza: "Je, kalamu mlizifungia kwa ajili ya dini, au kwa ajili ya alama za hesabu?" Tulinyamaza, naye akatumiminia kahawa.

Siku ile ile tulifungua kabati. Tulimwita binti yetu, tukamrudishia boksi lake na tukamwomba radhi. Alisema ahsante. Lakini alipozijaribu, nyingi zilikuwa zimekauka. Tukamwahidi kumnunulia nyingine mpya, naye akasema hazitaki. Yataka kalamu moja ya wino mweusi na karatasi nzuri, kwani picha za kitabu kile zimechorwa kwa wino mweusi na rangi nyeupe, na bado mtu huona mwanga umeziangazia nyuso. Tulimnunulia. Wiki tatu zikapita bila ya kuichora hata nukta moja. Kila tulipopita mlangoni kwake tuliiona kalamu juu ya meza, na kifuniko chake hakijafunguliwa. Tulitambua kuwa tulichokifungia kilikuwa zaidi ya wino.

Ni nyanya yake aliyeifungua. Asubuhi moja alijiketisha mbele yake na uteo wa mchele, akamwambia: "Haya, mjukuu wangu, nichore tena. Ile ya kwanza sikuiona."

Sasa anatengeneza kitabu chake cha kuhesabu, amtumie yule mtoto wa London. Dau moja. Milango miwili ya nakshi. Mafiga matatu. Amefika saba, na hajatwambia ya nane itakuwa ni nini. Hatumuulizi. Hesabu zake za shule zimebaki vile vile, si nzuri sana wala si mbaya, na jioni twakaa naye tukazifanya pamoja.