Rafiki

Mwika nimekua nikiona wanaume wameshikana mikono. Baba mdogo akitoka kilabuni kunywa mbege, alikuwa akishuka njia ya migombani na mwenzake, vidole vimeshikana, wakibishana kuhusu mpaka wa kihamba. Hakuna aliyegeuka kuwatazama. Mimi nilikuwa kidato cha tatu nilipomshika mkono mvulana mmoja nikauachia upesi, maana nilijua wangu una maana nyingine.

Mwaka jana, nikiwa muhula wa pili wa shahada ya uzamili, mpenzi wangu alinipeleka Columbus, Ohio, kwa siku mbili. Una watu zaidi ya laki tisa, lakini yeye anautaja kama sisi tunavyoitaja Morogoro. Nilijiandaa kama wa mtihani. Nilisoma kuhusu Jim Obergefell, ambaye kesi yake ndiyo iliyoruhusu ndoa za jinsia moja Marekani nzima, Juni 2015. Ni mtu wa Ohio, na ni Ohio hiyohiyo iliyokataa atajwe kuwa mume kwenye cheti cha kifo cha mwenzake.

Hotelini dada wa mapokezi aliuliza, "Kitanda kimoja?" bila kuinua macho. Nyumbani nimewahi kusoma tangazo ukutani gesti: wanaume wawili hawaruhusiwi chumba kimoja.

Jioni tulitembea High Street, chini ya yale matao yenye taa, bendera za upinde wa mvua zikining'inia madukani. Akanishika mkono. Nilihesabu watu kumi na wawili waliopishana nasi. Hakuna aliyegeuka. Ilikuwa kama njia ya migombani, ila hapa kila mtu alijua anachokiona.

Tukapanda teksi kurudi, bado tumeshikana. Simu ikaita. Kwetu ilikuwa alfajiri, mama anajiandaa kukamua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nilipokata, dereva alikuwa ananitazama kwenye kioo, anatabasamu. "Kumbe wewe ni Mtanzania!" Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Columbus imejaa Wasomali. Hilo nalo nilikuwa nimelisoma, ila sikuliwazia.

Mkono wangu ulikuwa umeshajitoa wenyewe.

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, miaka 30 hadi maisha, hakifiki Ohio. Kiswahili kinafika.

"Na huyu?" akauliza.

"Rafiki. Tunasoma pamoja."

Mpenzi wangu hajui Kiswahili, lakini neno hilo analijua, kwa sababu ya yule nyani wa The Lion King. Akageukia dirishani. Mimi nilikuwa nawaza filamu ya Wanuri Kahiu ya 2018, ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, iliyopigwa marufuku Kenya. Inaitwa hivyohivyo, Rafiki.

Dereva hakuona kitu, au aliona akanyamaza. Alituambia jinsi mkewe anavyopika wali, unaliwa na ndizi mbivu pembeni, nami nikamwambia kwetu Uchagani ndizi ndicho chakula chenyewe. Akacheka sana. Tulipofika akaniandikia namba yake.

"Njoo Jumapili yoyote, ndugu yangu. Uje na rafiki yako."

Namba ninayo. Mpenzi wangu ameshaniuliza mara mbili tutakwenda lini.