Ndoa ya Redioni

Gari la sinema likija Msambweni, shuka jeupe lilifungwa kati ya minazi miwili, jenereta ikaanza kunguruma, nasi watoto tukajipanga mchangani, viazi karai vya moto kwenye gazeti, na vipande vya miwa tulivyookota nyuma ya malori ya Ramisi. Korosho zilikuwa zikichomwa mahali fulani, moshi wake unakereketa koo.

Usiku mmoja ilikuwa Father Goose, ya mwaka 1964. Cary Grant, mlevi asiyetaka watu, yuko peke yake kisiwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mara anaangukiwa na mwalimu, Leslie Caron, na wasichana saba. Hawaelewani kwa lolote. Nikamtazama mjomba. Wazazi wetu walipofariki, mimi na wadogo zangu tuliangukia mikononi mwake, mvuvi kapera, na mwa shangazi, dada wa baba, aliyeteremka kutoka Kwale na sanduku la bati na cherehani. Kutwa walivutana: nani kaacha mshipi mlangoni, tui liwe zito kiasi gani.

Basi tukafika mwisho wa filamu. Wanaozwa kwa redio, sauti ya padri inatoka mbali, ndege ya adui inawamiminia risasi. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Walii yuko wapi?" Mwingine akadai mashahidi. Mjadala ukapamba moto mpaka tukawanyamazisha. Kisha meli ya adui ikatokea, naye Grant akatoka na mashua yake kuivutia nje ya mwamba, nyambizi ya Wamarekani ipate kuilipua. Hapo wavuvi wote wakasimama. Mwamba wanaujua, ndio unaovunja mawimbi mbele yao tangu Diani.

"Maji yametoka! Hapiti!" mjomba akapaza sauti.

Mashua ikazama. Shangazi akauma upindo wa leso. Ilipojulikana kuwa bwana harusi yu hai, vigelegele vikazima jenereta.

Tulirudi kwa mwanga wa chemli, mdogo wangu kalala mgongoni kwa mjomba.

"Shemeji, ndoa ile haikuswihi."

"Wakifika bara wataifunga upya."

"Kwa mahari gani, na mashua imezama?"

Hawakuoana, ingawa mtaa mzima ulingojea. Mjomba aliongeza chumba upande wa mwembe. Shangazi akaendelea kumshonea kaptura za baharini, akilalamika kwamba chumvi inamvunjia sindano. Tukimuudhi, alimwambia mjomba, "Waone wanao." Tukifaulu mtihani, tulikuwa "wanetu".