Alinisindikiza, Nikasema Mwenyewe

Mimi ni mama lishe, nauza wali maharage karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Kwa miaka mingi niliishi kwenye ndoa ya kipigo. Kwetu niliambiwa nivumilie. Ukweni niliambiwa mambo ya chumbani hayatoki nje.

Aliyenishika mkono ni mama mmoja wa kikoba chetu. Siku ya kununua hisa aliniona nimejifunika mtandio hadi shavuni, asiulize kitu mbele za watu. Wenzetu walipotawanyika akasema, "Mdogo wangu, hata mimi nimepita huko." Hakuniambia niondoke wala nibaki. Alinielekeza: kitambulisho, cheti cha ndoa na kadi za kliniki za watoto niviweke kwa mtu ninayemwamini. Nikiumizwa, niende kituoni, Dawati la Jinsia na Watoto, nichukue fomu ya polisi ya PF3, daktari aijaze. Na siku ya kuondoka nisiitangaze, kwa sababu hapo ndipo hatari huzidi.

Nilipopigwa tena, alinisindikiza kituoni. Askari wa zamu aliniambia nikayamalize nyumbani. Mama yule alikaa kando yangu, kimya. Angeweza kunisemea, lakini maneno tulikuwa tumeshayafanyia mazoezi pamoja. Nikasema: "Afande, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, hairuhusu mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Naomba PF3." Nikapewa.

Baraza la usuluhishi la kata liliposhindwa kutupatanisha, nilifungua shauri la talaka Mahakama ya Mwanzo. Mume akadai nyumba ni yake, mimi nilikuwa napika na kulea tu. Nikamtajia hakimu shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Nilipata talaka, na fungu langu kwenye nyumba.

Sasa nami nawasindikiza wenzangu. Dada unayepitia haya, mtafute mmoja aliyekwisha kupita, na nyaraka zako zitoe nyumbani mapema. Nawe uliyepita, usimsemee mwenzako wala usimwamulie. Mfundishe njia, ukae kando yake, aseme mwenyewe.