Ufipa, Mahali pa Kutupa Wanga

Ukitaka kuiona Ufipa shika njia ya Tunduma, kule mpakani na Zambia, kisha elekea kaskazini-magharibi. Zamani safari hii ilikuwa ya kumwomba Mungu njia nzima, hasa wakati wa masika, maana lori likikwama matopeni abiria walilala hapo hapo. Siku hizi ni lami, na kilometa 230 hivi zakwisha upesi. Utapita Laela, nawe utaona ajabu ya nchi hii: miti inakuacha, na majani yanashika mahali pake, kilima baada ya kilima, mpaka macho yachoke. Chukua sweta. Sumbawanga uko juu ya bahari kiasi cha meta 1,800, na katika Juni na Julai upepo wa jioni haumwonei huruma mtu wa pwani.

Ukisimama upande wa milima ya Mbizi, karibu na mji, utafahamu umbo la nchi. Mashariki ardhi inaporomoka mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Magharibi inaporomoka tena mpaka Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni Kongo. Ufipa imekaa katikati kama meza. Kuja huku kulikuwa kazi, na kutoka kulikuwa kazi vile vile. Jambo hilo liweke moyoni, tutalirudia.

Jina la mji wenyeji watakueleza hivi: sumba, yaani tupa, wanga, yaani uchawi. Mgeni aliambiwa autupe kwanza wanga wake, ndipo aingie. Watu wa Dar es Salaam wamelifanya jina hili mzaha, ati huku watu husafiri kwa ungo. Waache wacheke. Mimi nikilisikia naona ni amri anayopewa mgeni mlangoni, na ni amri ya haki.

Mfipa ni mkulima. Hulima matuta ya mviringo yaitwayo intumba: majani hufukiwa chini ya udongo yaoze, na mwaka wa pili tuta hutawanywa likawa mbolea. Hakuna bwana shamba aliyemfundisha. Alijua mwenyewe tangu kale. Alijua na chuma pia. Mpaka leo utaweza kuonyeshwa mabaki ya malungu, zile tanuru ndefu za udongo kupita kimo cha mtu, walimoyeyushia mawe ya chuma. Chuma kile kile kilitoa jembe, na kilitoa mkuki.

Maana mikuki ilikuwako. Hadithi za Wafipa zasema utawala wa kwanza ulikuwa Milansi. Siku moja mwene ametoka kuwinda, wakaja wageni, wanawake wa ukoo wa Twaci, wakakikalia kiti chake. Aliporudi hawakuchinjana. Walipatana: wageni wachukue nchi, mwene wa Milansi abaki na mji wake na heshima yake. Baadaye ukoo wa Twaci wenyewe uligawanyika, Nkansi huku na Lyangalile kule, wakapigana miaka mingi. Lakini Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1880, aliwakuta watu watulivu, akausifu ukulima wao. Na Roy Willis, mtaalamu wa Uingereza aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima kueleza jinsi watu wa vita walivyogeuka kuwa watu wa amani. Naye hakusema kwamba ni jambo jepesi.

Sasa nije kwenye habari niliyokusudia. Nchi iliyo mbali hivi, serikali huipatia matumizi. Mwezi wa Januari 1963, Tanganyika ikiwa huru mwaka mmoja tu, Victor Mkello, Rais wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi na kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, aliondolewa kwa amri ya Serikali akaletwa kukaa Sumbawanga, yeye na mwenzake mmoja. Ilikuwa baada ya migomo katika mashamba. Mkello hakushika bunduki. Alishika wafanyakazi, na hilo lilitosha kuogopwa. Waliomleta walijua jiografia yao: mkonge uko Tanga, na Tanga ni mbali sana na Ufipa.

Miaka kumi hivi baadaye likaja kundi kubwa zaidi. Mwaka 1972 kulikuwa na mauaji ya kutisha nchini Burundi. Wahutu wengi mno waliuawa, wasomi kwa watoto wa shule, na walioponea walikimbilia Tanzania. Serikali yetu iliwapa ardhi msituni. Ulyankulu ulikuwa mkoa wa Tabora. Katumba, na baadaye Mishamo uliofunguliwa mwaka 1978, ilikuwa wilaya ya Mpanda. Na Mpanda, tangu mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974 mpaka mwaka 2012 ulipozaliwa mkoa wa Katavi, ilikuwa chini ya Sumbawanga. Kwa hiyo usiseme Mishamo ni habari ya watu wengine. Ni ya nyumba hii hii.

Kwenda huko waishika njia ya Namanyere, unashuka kutoka uwanda wa majani na kuingia miombo, unapita mbuga ya Katavi yenye viboko na nyati, mpaka Mpanda mjini. Mishamo uko mbele tena, kaskazini-magharibi. Wakimbizi waliufyeka msitu ule kwa mikono yao, wakajenga vijiji kumi na sita, wakalima hata wakauza chakula nje. Hawakuwa wafungwa. Lakini aliyetaka kutoka ilimpasa kuwa na kibali, na asiye na kibali alirudishwa. Katika maisha ya namna hiyo mtu hukaa jioni na wenziwe, husimulia yaliyompata baba yake, na mtoto husikiliza.

Huko Mishamo, mwaka 1980, ndiko kilikozaliwa chama cha siri kilichoitwa Palipehutu, yaani chama cha ukombozi wa watu wa Kihutu. Mwanzilishi wake, Rémy Gahutu, alifariki mwaka 1990. Chama kikapata askari, wale walioitwa FNL, nao wakapigana katika vita vya Burundi vya miaka ya 1990 na baada yake. Walidumu msituni kuliko wote. Wenzao wa CNDD-FDD walitangulia kuacha vita, na kiongozi wao, Pierre Nkurunziza, aliyekuwa amehukumiwa kifo mahakamani pasipo yeye kuwapo, akawa Rais mwaka 2005. FNL waliendelea na bunduki, chini ya Agathon Rwasa.

Hapa yatupasa kusema kweli, ingawa inauma. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba karibu na Bujumbura, kambi ya wakimbizi Wabanyamulenge kutoka Kongo ilishambuliwa. Watu zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto, wengine wakiungua ndani ya mahema. Msemaji wa FNL alitangaza kwamba ni wao. Fikiri, msomaji: chama kilichozaliwa na wakimbizi waliokimbia kuuawa kwa ajili ya kabila lao, kikawaua wakimbizi kwa ajili ya kabila lao. Kama kuna wanga wa kutupwa, ndio ule.

Mapatano yalitiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 7 Septemba 2006, na hata hivyo miaka karibu mitatu ikapita katika kuvutana. Kikwazo kimoja kilikuwa jina. Katiba ya Burundi haikubali chama cha kisiasa kibebe jina la kabila. Waweza kudhani jina ni jambo dogo kwa watu walio tayari kuacha bunduki. Kumbe bunduki hununuliwa nyingine, na jina lilikuwa limebeba wafu wao wote. Mwisho walikubali. Neno Palipehutu likaachwa, likabaki FNL tu. Wafungwa wao wakafunguliwa. Mwezi wa Aprili 2009 Rwasa akakabidhi silaha, chama kikaandikishwa, na watu wao 3,500 wakaingizwa katika jeshi na polisi.

Wala usidhani hii ni njia ya Afrika peke yake. Ireland ya Kaskazini, nchi ya Wakristo kwa Wakristo, ilipitia huko huko. Bobby Sands, mfungwa wa IRA, alichaguliwa mbunge mwezi wa Aprili 1981 akiwa gerezani katika mgomo wa kutokula, akafa tarehe 5 Mei, siku ya 66 ya mgomo wake. Kura zile ziliwafundisha wenziwe kitu ambacho mabomu hayakuwafundisha. Martin McGuinness, aliyekuwa mkuu wa IRA katika mji wa Derry na aliyefungwa miaka ya 1973 na 1974, alichaguliwa mbunge mwaka 1997, akawa Waziri wa Elimu mwaka 1999, na mwaka 2007 akawa naibu wa mkuu wa serikali, ameketi ofisi moja na Ian Paisley, mchungaji aliyempinga maisha yake yote. Mwaka 2012 alimpa mkono Malkia Elizabeth huko Belfast. IRA ndiyo iliyomwua Lord Mountbatten, jamaa wa Malkia, mwaka 1979. Wako waliofiwa ambao hawakusamehe mpaka McGuinness alipofariki mwaka 2017, na sioni mtu wa kuwalaumu. Kura haiwafufui waliokufa. Lakini yule aliyekuwa mtu wa IRA alilazimika sasa kusimama mchana mbele ya watu, kuulizwa habari za shule na mishahara ya walimu, na kujibu.

Ndivyo ilivyompasa na Rwasa. Ila njia ya Burundi haikunyoka. Mwaka 2010, baada ya uchaguzi wa wilaya, wapinzani walilalamika kwamba kura zimeibwa, wakajitoa katika uchaguzi uliobaki, naye akatoroka na kujificha mpaka Agosti 2013. Wengi walitazamia vita. Mwaka 2015, nchi ikiwa katika ghasia juu ya muhula wa tatu wa Nkurunziza, alichaguliwa mbunge, akaingia Bungeni wakati wenziwe wengi wa upinzani walipokataa, akawa makamu wa kwanza wa spika. Wengine walimwita msaliti. Mwaka 2019 alipata chama kipya, CNL, na mwaka 2020 akagombea urais akahesabiwa asilimia 24 hivi ya kura. Alilalamika mahakamani, akashindwa, na hakurudi msituni. Mwaka 2024 uongozi wa chama chake ulichukuliwa na wengine, na katika uchaguzi wa Juni 2025 chama kinachotawala kilitangazwa kuvipata viti vyote 100 vilivyopigiwa kura.

Sasa mtu aulize: yule mgeni ametii, ametupa wanga mlangoni, na wenye mji wamemwacha amesimama nje. Je, walimwambia autupe kwa sababu gani? Wazee wa Milansi walijua kwamba aliyekubali kushindwa lazima aachiwe mahali pa kukaa, na kiti, na watu wa kumwamkia.

Na Mishamo? Waliobaki hawakungoja Bujumbura. Mwaka 2007 waliulizwa kila mmoja kama anataka kurudi Burundi au kuwa Mtanzania, na walio wengi wakachagua kubaki. Mwaka 2014 Rais Jakaya Kikwete alitangaza uraia wa watu zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ni kundi kubwa ajabu kupewa uraia na nchi moja kwa mara moja. Hivyo mwaka uliofuata, Oktoba 2015, mzee aliyeingia msitu ule na shoka mwaka 1978 aliweza kushika cheti chake, kupanga mstari na watoto wake na wajukuu wake, na kutumbukiza karatasi katika sanduku. Leo Mishamo ni tarafa ya wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Wagombea hufika huko kuomba kura kama wanavyofika Laela na Namanyere, nao huulizwa habari za maji, barabara na bei ya mahindi.