Mguu Nao Una Presha Yake, Ulijua Hilo?

Juma hili tuweke kando mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuongee miguu. Sitanii. Miguu hii hii unayoipaka losheni ina presha yake, na kuna watu ambao maisha yao yanategemea mtu aipime.

Ukienda zahanati unafungwa kile kitambaa mkono mmoja, aghalabu ule ulio karibu na meza ya nesi. Kinajazwa upepo, namba inaandikwa, haya, mwingine aje. Kwa watu wengi inatosha. Dada yangu hakuwa katika hao wengi.

Dada ni fundi cherehani, ana miaka 29, hanywi, havuti sigara. Mwaka jana akaanza kusimama njiani kila akipanda kilima cha kwetu Kimara. Misuli ya nyuma ya miguu inabana kama imeshikwa na koleo. Akipumzika dakika mbili tatu inaachia, akitembea inabana tena. Hata kukanyaga cherehani ikawa kazi. Majirani wakasema uvivu, wengine wakataja na jina la mtu, si mnajua tena mambo ya uswahilini. Alipimwa presha mara tatu, na mara zote akaambiwa iko safi, akapumzike.

Aliyetufumbua macho ni daktari mmoja wa kike, mpole, asiye na maneno mengi. Alimshika mapigo ya mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Kushoto akakaa sana. Nilidhani anahesabu, kumbe anatafuta! Akapima presha mikono yote miwili: kulia 160, kushoto 90. Halafu akamlaza chali, akamwacha atulie, akamfunga kitambaa juu kidogo ya kifundo cha mguu, akapaka jeli, akawa anaisikiliza damu kwa kidude cha Dopla kilicho kama kalamu nene. Hakuna sindano wala kisu, ni sauti tu, shwii, shwii. Kifundo kikatoa 96.

Sasa njooni kwenye hesabu. Mimi kidato cha nne hesabu ilinitoa jasho, lakini hii hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Unachukua ile namba ya juu ya presha ya kifundo, unaigawa kwa ya mkono uliotoa namba kubwa. 96 kwa 160 ni 0.60. Inayotakiwa ni kati ya 1.00 na 1.40, na ikifika 0.90 kushuka chini, mishipa inayopeleka damu miguuni imebana. Haya, chukua mkono wa kushoto: 96 kwa 90 ni 1.07. Safi kabisa! Na ndio mkono aliokuwa akiunyoosha kila siku, kwa sababu wa kulia unashika mkoba.

Mkono ule ulidanganya kwa kuwa nao ulikuwa mgonjwa. Tumezoea kwamba mishipa ya miguu huziba kwa wazee, wavuta sigara na wenye kisukari, mafuta yakijenga ukuta ndani. Kwa dada ni kinga ya mwili wake mwenyewe iliyogeuka na kushambulia kuta za mishipa mikubwa, zikavimba, njia ikawa finyu. Ugonjwa unaitwa Takayasu, na unawapenda zaidi wasichana na wanawake walio chini ya miaka 40. Mwaka 1908 daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, alieleza mishipa ya ajabu machoni mwa mwanamke wa miaka 21. Wenzake wawili, Onishi na Kagoshima, nao wakaeleza wagonjwa kama huyo ambao mapigo ya mkono hayakamatiki.

Daktari alitupa tahadhari moja ambayo sijaisahau. Mikono yote miwili ikiziba, hesabu nzima inaharibika, mguu mbovu unaweza kuonekana mzima. Kwa hiyo kipimo hiki hakitembei peke yake, lazima mishipa ipigwe picha. Ya dada ilipigwa kwa mashine ya CT, na mchango wa ukoo mzima uliishia hapo. Ikaonyesha mshipa mkubwa wa tumboni umebana, na ule unaoelekea mkono wa kushoto pia.

Akaanzishiwa prednisoloni. Mashavu yakamjaa, mchumba akadhani amenenepa kwa raha, we acha tu. Zipo dawa nyingine za kuituliza kinga, ila baadhi, kama methotreksati, humdhuru mtoto tumboni. Daktari akamuuliza waziwazi kama anataka kuzaa. Dada akanitazama mimi kwanza, nikatoka nje. Baadaye nikaona kwenye cheti chake imeandikwa azathioprini.

Harusi iko palepale. Siku hizi dada akifika mezani kwa nesi hutoa mkono wa kulia kabla hajaambiwa. Juzi mmoja akamwambia, "Mikono yote ni sawa, dada."

"Yangu siyo," akajibu, akaanza kuvua viatu.