Kutembea kwa Fikra

Sisi tunaosoma fasihi aghalabu huitaja taswira kana kwamba ni mali ya washairi pekee. Twafunzwa kupambanua taswira za mwono, zinazomwonyesha msomaji kitu, na taswira za hisi, zinazomfanya akihisi mwilini. Upambanuzi huo niliukuta tena mahali nisipoutarajia, katika chumba cha tiba ya viungo, mama yangu alipopatwa na kiharusi na mguu wake wa kushoto ukapooza.

Mtaalamu alimfanyisha kwanza mazoezi ya kusimama na kupiga hatua huku akishikiliwa. Kisha alimketisha, akamtaka afumbe macho na atembee kwa fikra. "Mama, usijitazame kama anayetazama picha," alimwambia. "Hisi kisigino kikigusa ardhi, goti likikunjuka, uzito ukihamia mguu wa kushoto."

Nyumbani nilikuwa msimamizi wa zoezi hilo. Mama alichagua njia itokayo mlangoni hadi kisimani. Siku moja alikawia mno, nikamwuliza, "Umefika wapi, Mama?"

"Ningoje, mwanangu. Ndiyo kwanza naupita mwembe. Mguu huu ni mzito."

Jibu hilo lina mashiko ya kisayansi. Mwaka 1989, watafiti Decety, Jeannerod na Prablanc wa Ufaransa walionyesha kwamba muda wa kutembea kwa fikra hukaribiana na muda wa kutembea kwa miguu. Washiriki walipojifikiria wakitembea huku wamebeba mzigo wa kilo 25, safari yao ya fikra ilirefuka. Naam, fikra nazo huhisi uzito, kwa kuwa sehemu kadhaa za ubongo zinazopanga mwendo hushughulika hata mwili ukiwa umetulia.

Hata hivyo, tusilitukuze jambo hili kupita kiasi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyojumuisha tafiti 21 na washiriki 762, yaliona dalili kwamba mbinu hii huongeza kasi ya kutembea kwa muda mfupi, ila ushahidi wenyewe ulikuwa wa uhakika mdogo sana. Fikra hazichukui nafasi ya miguu, huandamana nayo.

Leo mama hutembea kwa mkongojo, polepole. Hakuna awezaye kutenga hatua alizozipata kwa fikra na zile alizozipata kwa jasho. Lakini alasiri zile ambazo mwili ulikuwa umechoka kusimama, bado alikuwa na kazi ya kufanya, na aliifanya. Nani basi atathubutu kusema kwamba taswira ni pambo la lugha tu?