Bwana afya madagoni

Masika ya 1998 nilikuwa bwana afya kijana katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya Ufipa. Waliokaa Sumbawanga mjini, kwenye baridi ya karibu mita 1,800, waliliona bonde kama nchi nyingine. Ukishuka kutoka Ntendo kwenda Muze, sweta unalivua kabla hujafika chini. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza tangu mwishoni mwa 1997, mwaka ambao Tanzania iliripoti wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na waliokufa wakapita 2,000.

Kazi yangu kubwa ilikuwa madagoni. Dago ni kambi ya wavuvi: vibanda vya matete na nyasi, wanaume wamelala wamebanana, ndoo moja ya maji, kikombe kimoja. Wengine walikuwa na nyumba Nkasi au Mbozi. Wengine hawakuwa nayo popote. Walimfuata samaki tu. Maji ya ziwa lile yana magadi, hayanyweki, kwa hiyo wavuvi huchimba vishimo mchangani. Kujisaidia huenda majanini, hatua chache tu kutoka hapo. Mvua ikipiga usiku, asubuhi majani na kishimo vimekuwa kitu kimoja.

Mtu alivua jioni akiwa mzima, alfajiri macho yamezama, anaharisha maji kama ya mchele, ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Darasa la shule likageuzwa wodi: vitanda vya kamba vilivyokatwa tundu katikati, ndoo chini, chupa za dripu zikining'inia kwenye boriti, mlangoni gunia lililoloweshwa dawa ya klorini. Dripu zilipochelewa tulikoroga wenyewe: lita moja ya maji yaliyochemka, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Aliyewahi kunywa mapema aliamka.

Kisha ikatoka amri: asiye na choo faini, na mgambo nyuma yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Dago lililopigwa faini jioni, asubuhi unakuta majivu. Wagonjwa walifichwa, wakapandishwa mlima usiku kwa baiskeli pamoja na matenga ya samaki wakavu, na ugonjwa ukafika vijiji vya juu ambavyo havikuwa hata na habari ya ziwa.

Mzee mmoja, msemaji wa dago lao, aliniambia bila hasira: "Mwanangu, choo mtu anachimba kwake. Hapa ni kwa nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kijiji cha jirani kilisema wale si watu wake. Hawakuwa kwenye daftari la balozi yeyote wa nyumba kumi, na klorini iligawiwa kwa daftari. Hata shimo lenyewe lilikuwa kazi: ukichimba hadi magotini, maji yanachungulia. Tulipandisha choo juu ya kichuguu cha udongo, tukazungushia pipa lililotobolewa chini. Kilikuwa kibaya kukitazama, lakini kilitumika.

Tatizo la maji ya kunywa lilitatuliwa na akina mama wakaushaji samaki. Kuni zilikuwa adimu, na tulipohubiri kuchemsha maji walitucheka, wakauliza kwa moto gani. Mmoja wao akaanza kuweka debe lenye mfuniko pembeni mwa chanja, juu ya makaa yaliyobaki baada ya samaki kuiva kwa moshi. Kufika asubuhi maji yamechemka na yamepoa. Semina zote nilizohudhuria Sumbawanga hazikunipa kitu cha maana kama debe lile.

Diwani mmoja alikubali dago lile liandikwe kama kitongoji, lichague mwenyekiti na lipate mgawo wake wa dawa. Wagonjwa wakaanza kuletwa mchana.

Kipindupindu kimerudi katika bonde lile zaidi ya mara moja tangu wakati huo, na bado nasikia faini zikitangazwa redioni. Waheshimiwa madiwani wa Sumbawanga Vijijini na Nkasi, kabla mvua za Novemba hazijaanza, tumeni watu wakayahesabu madago. Mgambo wabaki mjini.